Ute wa bakteria unavyoyatakasa maji machafu

MASIKA yanapowadia na mvua kupiga milima ya Nandi, Mto Nyando hubadilika rangi. Maji hugeuka mekundu kama udongo wa kufinyangia vyungu, na mwanamke anayeteka mtoni hurejea nyumbani na ndoo ambayo ukitumbukiza mkono ndani yake huvioni vidole. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaoishi kandokando ya mito Nzoia, Tana na Sabaki.

Mwenye subira huyaacha maji hayo yatulie usiku kucha. Kunapopambazuka, mchanga huwa umekaa chini, ila maji ya juu yangali na rangi ya chai ya maziwa. Asiye na subira hutia kipande cha shabu, jiwe lile jeupe ambalo wakazi wa Pwani wamelijua tangu jadi, akakoroga na kungoja. Baada ya muda mfupi madonge kama pamba huanza kuonekana, huzama, na maji hung'aa.

Mitambo mikubwa inayosambaza maji mijini hufanya jambo hilo hilo, tofauti ikiwa kwamba yenyewe hutumia shabu kwa magunia. Lakini kwa miongo kadhaa sasa, watafiti katika mataifa mbalimbali wamekuwa wakiuliza iwapo kazi hiyo haiwezi kufanywa na kitu kingine ambacho maumbile yamekuwa yakikitengeneza tangu kabla ya kuwapo binadamu, mti au samaki: ute wa bakteria.

Ili kuelewa ute huo unavyofanya kazi, yafaa kwanza kujua ni kwa nini maji ya matope hukataa kutakata yenyewe.

Chembe ya mchanga laini yenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita huchukua takriban dakika mbili kuzama mita moja katika maji yaliyotulia. Chembe ya udongo wa mfinyanzi iliyo ndogo mara 100 kuliko hiyo huhitaji karibu majuma mawili kusafiri umbali uo huo. Nayo iliyo ndogo mara kumi zaidi ingehitaji zaidi ya miaka mitatu, kama ingekubali kuzama. Haikubali, kwa kuwa molekuli za maji huisukumasukuma huku na huko bila kukoma.

Dawa ingekuwa ni chembe hizo kushikana na kuwa kubwa. Hata hivyo, kila moja imebeba chaji hasi ya umeme juu ya ngozi yake, na kama ilivyo kwa sumaku mbili zilizoelekezana ncha zinazofanana, kila zinapokaribiana husukumana. Ndiyo sababu ndoo ya maji ya mto inaweza kukaa juma zima pembeni mwa nyumba bila kutakata.

Shabu huingilia kati ugomvi huo. Inapoyeyuka hutoa ioni za alumini zenye chaji chanya, ambazo huipoza ile chaji hasi ya udongo. Kadhalika, alumini hiyo huungana na maji na kufanya vijidonge laini vinavyozoa uchafu vikielekea chini. Shabu ya viwandani ni salfeti ya alumini, ilhali ile inayouzwa madukani Pwani aghalabu huwa pia na potasiamu ndani yake. Utendakazi wake ni mmoja.

Shabu ni rahisi kutumia na imeokoa maisha ya watu wasiohesabika, kwa hivyo haifai kubezwa. Lakini ina gharama zake. Huyafanya maji kuwa na uchachu, hivi kwamba mara nyingi mtambo hulazimika kuongeza chokaa. Huacha tope jingi lenye alumini ambalo halina mahali pazuri pa kutupwa. Isitoshe, kipimo chake lazima kibadilishwe kila mto unapobadilika, na kosa linaweza kuwa zito. Mnamo Julai 6, 1988, katika eneo la Camelford kusini-magharibi mwa Uingereza, dereva wa lori alimimina tani 20 za salfeti ya alumini katika tangi lisilofaa, na sumu hiyo ikaingia katika mifereji iliyokuwa ikiwahudumia watu wapatao 20,000.

Mitambo mingi huisaidia shabu kwa kutumia nyuzi za kutengenezwa viwandani zitokanazo na mafuta ya petroli, na hasa ile iitwayo poliakrilamaidi. Nyuzi zenyewe hazina madhara makubwa. Tatizo ni mabaki ya akrilamaidi, yaani malighafi yake, ambayo hudhuru mishipa ya fahamu na hushukiwa kusababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba maji ya kunywa yasizidi nusu mikrogramu ya kemikali hiyo katika kila lita. Hicho ni kiwango kidogo mno, na kinaonyesha jinsi wataalamu wanavyoihofia.

Hapo ndipo bakteria wanapoingia.

Msomaji huenda akadhani ute wa bakteria ni kitu cha ajabu kinachopatikana katika maabara pekee. Ukweli ni kwamba kila mtu ameugusa. Ukoga unaoyafunika meno ya mtu asiyepiga mswaki ni ute wa bakteria. Jiwe la mtoni linalomtelezesha anayevuka limevikwa ute huo. Mkulima wa miwa wa Muhoroni au Mumias anaujua pia, hata kama hajawahi kuuita hivyo. Muwa uliokatwa na kuachwa juani siku kadhaa ukingojea trekta huanza kunata na kupoteza utamu wake, kwa sababu bakteria aitwaye Leuconostoc ameigeuza sukari yake kuwa dekstrani, aina mojawapo ya ute. Viwanda vya sukari huuchukia ute huo kwa kuwa huziba vichujio na kuizuia sukari isigande vyema.

Kwa lugha ya kemia, ute huo ni polisakaridi, neno linalomaanisha sukari nyingi zilizofungamanishwa katika mnyororo mmoja. Wanga wa muhogo ni polisakaridi. Selulosi inayoifanya pamba kuwa pamba ni polisakaridi. Utelezi wa bamia na wa mboga ya mrenda, ipendwayo sana Magharibi mwa Kenya, ni jamii iyo hiyo. Kinachotofautisha moja na nyingine ni aina ya sukari zilizotumika, jinsi zilivyoshikanishwa, na vitu vidogo vilivyotundikwa ubavuni.

Bakteria huutengeneza mnyororo huo kwa utaratibu wa kustaajabisha. Sukari ikiingia ndani ya seli, haitumiki ikiwa tupu. Hufungwa kwanza kwenye kibebeo maalumu ambacho huipa nguvu ya kujiunga na nyingine. Kibebeo hicho kiligunduliwa na mwanakemia wa Argentina, Luis Leloir, aliyetuzwa Nobeli ya Kemia mwaka wa 1970 kwa kazi hiyo.

Baadaye vimeng'enya huzichukua sukari hizo moja baada ya nyingine na kuzipachika juu ya molekuli ya mafuta iliyojikita katika utando wa seli. Idadi inapotimia, kifurushi hicho hupinduliwa kikatokeza upande wa nje wa utando, hapo kikaunganishwa na vifurushi vilivyotangulia. Mnyororo huzidi kurefuka na kusukumwa nje kama uzi utokao kwenye pia. Kwa aina moja ya ute iitwayo zanthani, kila kifurushi kina sukari tano, na mnyororo mzima unaweza kuwa na maelfu ya vifurushi.

Wapo wasiofuata njia hiyo ndefu. Yule wa kwenye muwa hutoa kimeng'enya chake nje ya mwili, nacho huikata sukari ya muwa papo hapo na kuunganisha nusu yake kuwa dekstrani. Kwake, kiwanda kiko uani badala ya kuwa ndani ya nyumba.

Kwa nini kiumbe mdogo hivyo agharimike kiasi hicho? Ute ni nyumba yake. Humkinga dhidi ya ukavu, dhidi ya sumu, na dhidi ya vijidudu vikubwa vinavyomwinda. Humwezesha kunata mahali penye chakula asichukuliwe na maji. Tena anapopata sukari tele huku nitrojeni ikiwa haba, hushindwa kuzaana kwa kukosa cha kujengea protini, hivyo sukari iliyozidi huigeuza ute. Wenye viwanda wameijua siri hiyo na huitumia. Humlisha bakteria sukari nyingi na kumbania nitrojeni.

Sasa turejee kwenye ndoo ya maji ya Nyando. Mnyororo mmoja wa ute ni mrefu kiasi cha kuweza kuigusa chembe moja ya udongo kwa ncha hii na nyingine kwa ncha ile. Chembe zilizokuwa zikisukumana hujikuta zimetungwa katika uzi mmoja kama shanga, kisha uzi mmoja hunaswa na mwingine hadi donge kubwa likapatikana. Wataalamu huita kitendo hicho ujenzi wa daraja, na ni tofauti na kazi ya shabu ambayo hasa huondoa chaji.

Lakini pana kizingiti. Ute mwingi wa bakteria nao una chaji hasi, sawa na udongo wenyewe, kwa sababu baadhi ya sukari zake ni asidi. Hasi na hasi hazipatani. Anayehitajika hapo ni msuluhishi mwenye mikono miwili, na kazi hiyo hufanywa na kalsiamu au magnesiamu, ambazo kila ioni ina chaji chanya mbili. Mkono mmoja hushika udongo na wa pili hushika ute. Ndiyo maana majaribio mengi ya maabara hutia chumvi ya kalsiamu kidogo pamoja na ute, na ndiyo maana maji yenye chumvi nyingi ya sodiamu, ambayo ina mkono mmoja tu, hufanya madonge dhaifu yanayovunjika kwa urahisi.

Yapasa kusemwa hapa kwamba mbegu za mlonge, ambazo zimekuwa zikitajwa sana kama dawa asilia ya kusafishia maji, hazimo katika kundi hili. Kinachofanya kazi ndani yake ni protini yenye chaji chanya. Vilevile Wajapani wamepata dawa ya maji kutokana na ute wa natto, chakula chao cha soya iliyochachishwa, lakini ute huo ni mnyororo wa asidi ya glutamiki, si wa sukari. Njia ni nyingi, na magazeti hayajakosa kuzichanganya.

Binadamu alianza kuutumia ute wa bakteria kusafisha maji muda mrefu kabla ya kujua kwamba anautumia. Mwaka wa 1914, Edward Ardern na William Lockett walikuwa wakifanya majaribio ya majitaka katika kituo cha Davyhulme, jijini Manchester. Walipuliza hewa ndani ya chupa za majitaka hadi yakasafika, jambo lililochukua majuma kadhaa. Wengine waliowatangulia walikuwa wakimwaga kila kitu na kuanza upya. Wao waliyamwaga maji ya juu pekee na kulibakiza tope lililotuama chini, wakaongeza majitaka mapya juu yake. Kila walipofanya hivyo, muda ulipungua, hadi kazi ya majuma ikawa ya saa chache.

Tope walilolibakiza lilikuwa ni madonge ya bakteria hai waliofungamana kwa ute wao wenyewe. Bakteria wasiokuwa na ute walikuwa wakienda na maji yaliyomwagwa; wenye ute walizama na kusalia. Bila kukusudia, wanasayansi hao wawili walikuwa wakiwachagua wale wanaonata. Mmoja wao ni Zoogloea ramigera, anayeota katika ute wenye umbo la vidole au matawi ya mti. Njia hiyo ya tope hai ndiyo inayosafisha majitaka ya miji mingi mikubwa duniani hadi leo.

Hapa Kenya kazi hiyo imezoeleka kwa sura nyingine. Katika mtambo wa Kariobangi jijini Nairobi, majitaka yalipangiwa kunyunyiziwa juu ya matabaka ya mawe, na ute unaoyavika mawe hayo ndio wenye kazi. Kule Ruai, majitaka hupitia mabwawa mapana ambamo bakteria, mwani na jua hushirikiana.

Mfano ulio mzito kuliko yote kuhusu thamani ya ute huu hautoki kwenye majitaka bali kwenye maji ya kunywa, nao ni wa msiba. Mnamo Agosti 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, bandari kubwa ya Ujerumani. Jiji hilo lilikuwa likivuta maji yake kutoka Mto Elbe, upande wa juu, na kuyasambaza bila kuyachuja. Mji jirani wa Altona, uliopakana nalo hivi kwamba mtu asiyekuwa mwenyeji hangetambua mpaka, ulivuta maji yake upande wa chini wa mto uo huo, baada ya uchafu wote wa Hamburg kumwagwa humo. Kwa hesabu ya kawaida, Altona ndiyo iliyostahili kuangamia.

Mambo yalikuwa kinyume. Hamburg ilipoteza watu wapatao 8,600 katika muda wa majuma machache. Altona iliguswa kidogo tu. Kulikuwa hata na kikundi cha nyumba ndani ya mpaka wa Hamburg kilichopata maji yake kutoka Altona, na humo ugonjwa haukuingia, ilhali majirani walikuwa wakizikana.

Tofauti ilikuwa moja. Altona ilipitisha maji yake taratibu katika vitanda vya mchanga, aina ya chujio ambayo James Simpson alikuwa ameijenga London mwaka wa 1829. Robert Koch, daktari aliyekuwa amemtambua bakteria wa kipindupindu miaka michache awali, alichunguza vitanda hivyo na kueleza kwamba mchanga peke yake si ngome. Kinachozuia maradhi ni ule utando mwororo unaojifanya juu ya mchanga baada ya siku kadhaa. Hamburg ilifungua vitanda vyake mwezi Mei 1893.

Utando huo ni ute wa bakteria, umechanganyika na mwani na udongo. Nafasi iliyo baina ya chembe mbili za mchanga ni kubwa mara nyingi kuliko bakteria wa kipindupindu, na ungetarajia apite kama mbuzi apitaye katika lango la ng'ombe. Lakini nafasi hiyo imetandwa nyuzi zinazonata. Anayepita hunaswa, na akishanaswa huliwa na vijidudu vingine vinavyoishi humo au hufa kwa kukosa chakula.

Kenya ina sababu ya kuikumbuka Hamburg. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 uliendelea hadi mwaka uliofuata na kuenea katika kaunti nyingi. Viini vyake ni vile vile alivyoviona Koch, na bado husafiri katika maji yale yale yasiyochujwa.

Katika siku za karibuni maendeleo makubwa zaidi yametoka Uholanzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Delft wakiongozwa na Profesa Mark van Loosdrecht walibaini kwamba bakteria wa majitaka wakilelewa kwa namna fulani, huku wakishibishwa na kutiwa njaa kwa zamu na wanaozembea kuzama wakimwagwa, huacha kufanya madonge mepesi na badala yake hufanya punje ngumu, mviringo, zinazofanana na mbegu ndogo. Punje hizo huzama kwa dakika chache, kwa hivyo mtambo hauhitaji matangi makubwa ya kutulizia tope. Mtambo wa kwanza wa mji kutumia njia hiyo ulijengwa barani Afrika, katika mji wa Gansbaai, Afrika Kusini, kabla ya Uholanzi kufungua wake rasmi huko Epe mwaka wa 2012. Van Loosdrecht alikuwa mmoja wa wawili waliotuzwa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka wa 2018.

Kinachozishikilia punje hizo ni ute unaokaribiana na ule upatikanao katika mwani wa baharini. Waholanzi wameamua kutoutupa. Tangu 2019, katika mtambo wa Zutphen, ute huo umekuwa ukikamuliwa kutoka kwenye tope na kuuzwa kama malighafi, ukipewa jina la Kaumera, neno la Kimaori lenye maana ya kinyonga. Umejaribiwa katika kufunikia mbegu na mbolea, na katika kuizuia saruji mbichi isikauke haraka mno. Majitaka, kwa maneno mengine, yamezaa bidhaa.

Je, ute huu unaweza kuiondoa shabu katika mitambo ya maji ya kunywa? Kuna majarida mengi ya kisayansi yanayotoa picha ya matumaini. Mtafiti huchukua udongo mweupe uitwao kaolini, akaukoroga katika maji safi, akatia miligramu chache za ute kwa kila lita na kalsiamu kidogo, kisha akapima jinsi maji yalivyotakata. Aghalabu matokeo huzidi asilimia 90.

Matokeo hayo si ya kupuuzwa, ingawa pia si ya kushangiliwa upesi. Maji ya kaolini ni mtihani mwepesi. Mto wa kweli una udongo wa kila namna, majani yaliyooza, mbolea iliyosombwa mashambani na joto linalobadilika. Kilichofaulu Jumatatu kwenye gilasi kinaweza kushindwa Ijumaa mtoni.

Kikwazo kikubwa zaidi ni bei. Bakteria hula, na chakula chake cha kawaida cha maabara ni ghali. Baada ya kumlisha, ute lazima utenganishwe naye, kazi inayohitaji pombe kali kwa wingi ili kuugandisha. Shabu huchimbwa na kupikwa; ute hufugwa, na mfugo una gharama. Ndiyo sababu watafiti wengi wamegeukia mabaki ya viwanda kama lishe, na miongoni mwayo hakuna yanayotajwa zaidi ya molasi, lile rojo jeusi linalosalia baada ya sukari kugandishwa. Kenya ina molasi, na hata ina kiwanda kule Muhoroni ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiitumia kutengenezea pombe ya viwandani na hamira. Ufundi wa kulea vijidudu kwenye matangi makubwa si mgeni humu nchini.

Kwamba ute unaweza kutengenezwa kwa maelfu ya tani si jambo la kukisia. Zanthani iliyotajwa hapo juu ilipatikana katika maabara ya serikali ya Marekani mjini Peoria, Illinois, katika miaka ya 1950, kutoka kwa bakteria anayeozesha kabichi na sukumawiki. Leo imo katika sosi ya nyanya, aisikrimu na dawa ya meno kote duniani. Mkulima wa Kinangop anayeona majani ya kabichi zake yakigeuka manjano kuanzia ukingoni na vishipa vyake vikiwa vyeusi anapambana na kiumbe huyo huyo. Lakini wanunuzi wa zanthani ni makampuni ya vyakula na ya uchimbaji mafuta, yenye uwezo wa kulipa. Idara ya maji inayowauzia wananchi mtungi kwa shilingi chache haina uwezo kama huo.

Pana suala la usalama pia. Baadhi ya bakteria hodari wa kutengeneza ute ni wale wale wanaosababisha maradhi. Pseudomonas, kwa mfano, hujificha ndani ya ute wake katika mapafu ya wagonjwa na kuzishinda dawa. Hakuna atakayekubali kiumbe wa aina hiyo akaribie tangi la maji ya kunywa. Hata ute wa bakteria asiye na hatia ukisalia katika maji huwa chakula cha bakteria wengine ndani ya mifereji, na klorini inapokutana na mabaki ya viumbe hai huweza kuzaa kemikali kama klorofomu. Jambo hilo la pili lilifichuliwa na Johannes Rook wa Rotterdam mwaka wa 1974, na tangu hapo wasimamizi wa maji hawataki kitu chochote cha asili kibaki katika maji kabla ya kutia klorini.

Wahandisi nao wana malalamiko yao ya zamani. Ute huo huo unaosafisha maji katika chujio hujenga utando ndani ya bomba, ukawahifadhi viini dhidi ya klorini, na huziba ngozi za kuchujia chumvi katika mitambo ya kisasa. Na majitaka ya kiwanda yakikosa nitrojeni, bakteria hutoa ute kupita kiasi, tope likavimba kama uji na kukataa kabisa kuzama. Kitu kinachogandisha uchafu kikizidi huuelesha.

Pengine mahali ambapo ute utaanza kulipa ni katika maji machafu ya viwandani. Chaji zile hasi zinazoivuta kalsiamu huvuta pia risasi, shaba, kadimiamu na kromiamu, madini ambayo hayaozi na yakishaingia mtoni huingia katika samaki. Viwanda vya ngozi hutumia kromiamu kulainisha ngozi. Kuiondoa kwa kemikali ni ghali vilevile, hivyo pengo la bei kati ya ute na dawa nyingine huwa dogo, na hakuna anayekunywa maji hayo moja kwa moja.

Kwa mwenye ndoo ya maji ya Nyando, hata hivyo, ute unaoweza kumfaa leo hauuzwi dukani. Hujitengeneza wenyewe bure ndani ya chujio la mchanga la nyumbani, lile pipa la saruji au la plastiki ambalo David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alilibuni katika miaka ya 1990 kwa kukipunguza kitanda cha Simpson kikaenea jikoni. Machujio ya aina hiyo yamesambazwa katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo.

Wengi waliopewa huyatumia vibaya bila kujua. Bomba la kutolea maji limepindwa makusudi ili maji yabaki sentimita chache juu ya mchanga hata yasipochotwa, maana ute ukikauka hufa. Chujio likiachwa bila kumiminiwa maji mapya kwa siku nyingi, bakteria wake hukosa chakula na hewa. Maji yenye matope mengi yapaswa kutulizwa kwanza katika ndoo nyingine, ama sivyo mchanga utaziba upesi. Na maji yaliyotiwa klorini hayafai kumiminwa humo, kwa kuwa yatawaua wafanyakazi wenyewe. Klorini hutiwa baadaye, katika chombo cha kuhifadhia.

Chujio jipya huhitaji majuma mawili hadi manne kabla ya ute kukomaa. Linapoanza kutoa maji polepole mno, mwenye nyumba huvuruga kidogo tu mchanga wa juu kwa vidole na kuyachota maji machafu yaliyotibuka. Hauoshi mchanga wote kwa sabuni, kama ambavyo wanaopenda usafi hushawishika kufanya. Kwa siku kadhaa baada ya hapo utando huwa umechanika, na maji yanayotoka, hata yaking'aa namna gani, lazima yachemshwe au yatiwe dawa.